Fahamu Pombe Itengenezwayo Nyumbani: Hatua, Sheria na Usalama wa Mnywaji

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Pombe ya nafaka na wanzuki, kinywaji kitokanacho na asali, ni vinywaji vya asili vinavyofahamika kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa, wakiwemo wa Kata ya Pasiansi, Manispaa ya Ilemela. Makala haya yanaeleza namna pombe ya nafaka inavyotengenezwa, sheria inavyosema na mambo ya kuzingatia.

Namna inavyotengenezwa

Mtama au ulezi hulowekwa, huachwa uchipue kwa siku chache, kisha huanikwa na kusagwa ili kupata kimea. Uji wa unga hupikwa, hupozwa na kuchanganywa na kimea hicho. Vimeng'enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na chachu hugeuza sukari kuwa kilevi na gesi. Kwa sababu hiyo chombo hakizibwi kabisa, kwani gesi isipopata njia chombo huweza kupasuka.

Vifurushi vya kutengenezea bia nyumbani, ambavyo hutumika zaidi Ulaya na Marekani, hufuata kanuni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba kimea huwa kimeshaandaliwa kiwandani kikiwa kizito kama asali, na huambatana na pakiti ya hamira. Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa bia ya matumizi ya nyumbani mwaka 1963. Marekani iliruhusu utengenezaji huo mwaka 1978, lakini si kwa kuuza.

Sheria inavyosema

Nchini Tanzania, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inamtaka muuzaji wa vileo, ikiwemo pombe ya kienyeji, awe na leseni. Gongo, yaani pombe ipatikanayo kwa kuchemsha na kukusanya mvuke wake, ni haramu. Aidha, pombe kali zilizofungashwa katika vifuko vya plastiki, maarufu kama viroba, zilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Tangu Julai 2019, usimamizi wa usalama wa chakula upo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Nafaka mbovu si ya pombe

Ipo dhana kwamba nafaka isiyofaa kwa ugali bado yafaa kwa pombe. Dhana hiyo ni ya hatari. Januari 2015, katika mji wa Chitima, Mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walifariki dunia baada ya kunywa pombe ya kienyeji. Uchunguzi ulibaini sumu ya bakteria waliokuwa katika unga wa mahindi ulioharibika. Mwaka 2016, sumukuvu ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hizo haziondolewi kwa kuchemsha wala kuchachusha.

Mambo ya kuzingatia

Wananchi wanashauriwa:

- Kutumia nafaka kavu isiyo na ukungu, na kuteketeza iliyoharibika.
- Kuchemsha maji, hususan yachotwayo moja kwa moja ziwani.
- Kutotumia vyombo vilivyowahi kuhifadhi kemikali au viuatilifu.
- Kutowauzia wala kuwapa watoto kileo.
- Kumwahisha kituo cha afya mtu yeyote atakayetapika mfululizo, kuumwa tumbo au kupoteza fahamu baada ya kunywa, na kuhifadhi pombe iliyobaki kwa ajili ya uchunguzi.