Daraja la Sigiri na uzito wa zege bichi

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumze madaraja.

Sisi waandika programu tumezoea kujaribu kitu kabla ya kuwafungulia watu. Seva haina mtumiaji hata mmoja? Basi haina mzigo, unalala usingizi. Nami nilidhani daraja ni vivyo hivyo: hatari huanza malori yakianza kupita. Kumbe sivyo.

Mto Nzoia, huu huu unaopita karibu na Mumias kaunti yetu ya Kakamega, huteremka hadi Budalangi, Busia, kisha ukaingia Ziwa Victoria. Huko watu walikuwa wakivuka kwa mashua. Mwaka 2014 mashua ilizama, watu 11 wakafa. Likaja kujengwa daraja la Sigiri kwa takriban shilingi bilioni 1.2. Tarehe 14 Juni 2017, uchaguzi ukikaribia, Rais Uhuru Kenyatta alilizuru. Tarehe 26 Juni sehemu ya kati ikaporomoka, wafanyakazi wakaumia.

Lori gani lilikuwa juu yake? Hakuna. Lilikuwa halijafunguliwa.

Lawama niwaachie wengine, mimi nataka hesabu. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Likimwagwa ni uji tu: uzito wote lishaleta, nguvu bado. Kwa kawaida nguvu yake hupimwa siku ya 28. Kwa hiyo daraja la mihimili ya chuma, lenye sakafu ya zege juu, lina kipindi ambacho chuma hubeba kila kitu peke yake. Tena mhimili mmoja ukipita juu ya nguzo kadhaa, ukimwaga zege upande huu, upande ule hutaka kunyanyuka, kama pembea ya ubao ya watoto. Ndiyo maana mhandisi hupanga wapi pamwagwe kwanza, na kila hatua ya ujenzi ni kama daraja jingine lenye hesabu yake.

Msidhani ni mambo ya Afrika. Kule Quebec, Kanada, waliongeza sehemu ya kati ya daraja kutoka futi 1,600 hadi 1,800, lakini wakaendelea kutumia makadirio ya zamani ya uzito wa daraja lenyewe. (Waandika programu, mnaijua hii: kipimo kimebadilishwa pahali pamoja, kikasahauliwa pengine.) Vyuma vikaanza kupinda, watu wakaona, barua zikaandikwa. Mhandisi mshauri Theodore Cooper alikuwa mbali, New York. Tarehe 29 Agosti 1907 aliagiza kwa telegramu mzigo usiongezwe, lakini jioni hiyo hiyo daraja likaanguka, likaua watu 75. Nalo pia lilikuwa bado linajengwa.

Siku hizi nikipita chini ya ghorofa jipya hapa mjini, nikaona ule msitu wa miti ya mkaratusi ukiegemeza slabu, swali langu ni moja tu kwa fundi: mlimwaga lini, na miti mnaitoa lini?