Maji Matamu Juu ya Maji ya Chumvi: Visima na Mabirika ya Mwambao

Miji ya kale ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ilijengwa zaidi visiwani na kando ya bahari, mahali ambapo mara nyingi hapana mto wa kudumu, na kwa hiyo uhai wake ulitegemea mvua iliyopenya mchangani na katika mawe ya matumbawe ikatuama ardhini. Maji hayo matamu, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya bahari, huelea juu ya maji ya chumvi yanayoingia kutoka pwani, yakafanya tabaka lililo nene katikati ya kisiwa na jembamba kandokando. Willem Badon Ghyben wa Uholanzi na Alexander Herzberg wa Ujerumani walilieleza jambo hili kwa hesabu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 zilizo chini ya usawa huo, hata ikawa kwamba kisima kikishushwa maji kwa nusu mita tu kwa muda mrefu, chumvi inaweza hatimaye kupanda mita 20.

Wachimbaji wa mwambao hawakuwa na hesabu hiyo, lakini kazi yao iliafikiana nayo. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba katika kila mlango wa msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, vyenye kina cha dhiraa moja au mbili tu, na kwamba maji yalitekwa kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti. Kisima cha namna hiyo hugusa uso wa maji tu, na kata hutoa kidogo kidogo, kwa hiyo tabaka hupata nafasi ya kujijaza tena.

Mji wa kale wa Gedi, ambao sasa ni magofu, ni mfano wa upande wa pili. James Kirkman, aliyeanza kuyachimbua magofu hayo mwaka 1948, aliona kwamba kisima kilichoko karibu na Msikiti Mkuu kilikuwa kimeongezwa kina, na kushuka kwa maji ya ardhini kumetajwa kuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya wakazi wauhame mji. Hata hivyo si haki kuifanya sababu hiyo iwe ya pekee, kwani vita na mabadiliko ya biashara navyo vinatajwa.

Baada ya kutekwa, maji yalihifadhiwa katika birika, yaani tangi lililojengwa kwa mawe na kupakwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe. Katika nyumba za Lamu samaki wadogo walifugwa ndani yake ili wale viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kaure lilipachikwa sakafuni mwa birika ili samaki wasife maji yalipopungua. Huo ulikuwa udhibiti wa wadudu uliofikiriwa kwa makini, nao unastahili kuhesabiwa kuwa uhandisi kamili.

Udhaifu mkubwa ulikuwa kwamba mchanga uliopitisha mvua ulipitisha pia uchafu wa mashimo ya vyoo, na kadiri nyumba zilivyosongamana ndivyo visima vilivyozidi kuwa hatarini. Mjini Unguja, ambako kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kiliua watu wengi na kuchunguzwa na daktari James Christie, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji mjini kwa mfereji kutoka chemchemi iliyoko nje ya mji, na hivyo chanzo kikatenganishwa na makazi.

Lamu haina chemchemi ya namna hiyo. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya mchanga vya Shela ndiyo inayolijaza tabaka linalounywesha mji, na siku hizi maji huvutwa kwa pampu, ambayo kwa saa moja hutoa kiasi ambacho kata ingekitoa kwa siku nyingi. Kwa sababu hiyo kila nyumba inayojengwa juu ya vilima hivyo, pamoja na shimo lake la choo, ni jambo linalouhusu mji mzima.