Arteluce ya Milano: Historia Fupi ya Nyumba ya Taa

Miongoni mwa nyumba zilizoijengea Italia heshima yake katika usanifu wa taa, Arteluce, iliyoanzishwa Milano mwaka 1939, ina nafasi ya mbele kabisa, na historia yake haitenganishiki na ya mwasisi wake, Gino Sarfatti. Mwana huyo wa Venezia, aliyezaliwa mwaka 1912, alikuwa Genova akisomea uhandisi wa ndege na meli pale biashara ya familia yake ilipoyumba, naye akalazimika kuyaacha masomo na kuhamia Milano kutafuta riziki. Husimuliwa kwamba taa yake ya kwanza aliiunda kwa ombi la rafiki, akitumia chombo cha maua cha kioo na vipuri vya mashine ya kahawa. Kisa hicho kinapendwa sana, na ni haki kipendwe, kwa kuwa kinaonyesha mkono uliojifunza kwa kutenda.

Miaka ya vita ilikuwa migumu. Sarfatti, ambaye baba yake alikuwa Myahudi, alikimbilia Uswisi mwaka 1943, na kazi haikushika kasi tena mpaka amani iliporejea. Hapo ndipo ulipoanza wakati uliotukuka wa Arteluce, ambapo karakana na duka vilikuwa mahali pa kukutania wasanifu majengo wa Milano, akiwemo Vittoriano Viganò, aliyeibunia kampuni taa kadhaa za thamani. Hata hivyo, taa nyingi mno, zinazohesabiwa kwa mamia, zilitoka katika akili ya mwasisi mwenyewe. Hakuzipa majina ya kuvutia wanunuzi bali namba, kwa mpango uliotenga taa za mezani, za kusimama sakafuni na za kuning'inia, kama mhandisi anavyopanga michoro yake.

Msingi wa kazi hiyo ulikuwa mmoja: globu hutangulia, umbo hufuata. Kila aina mpya ya chanzo cha mwanga ilipofika sokoni, Sarfatti aliichunguza joto lake, ukubwa wake na namna inavyotawanya mwanga, kisha akaijengea mwili uliohitajika tu, pasipo pambo la ziada. Taa namba 1063 ya mwaka 1954 ni tyubulaiti iliyosimamishwa wima, na kifaa kinachoidhibiti kimewekwa chini katika kitako, ambapo uzito wake huizuia taa isianguke. Thurea namba 2097 ya mwaka 1958, yaani taa kubwa ya kuning'inia yenye matawi na globu nyingi, ilichukua umbo la kale la kumbi za matajiri na kulivua vioo na mapambo yote, ikabaki na nguzo ya katikati, mikono na globu tupu, huku nyaya, ambazo wengine wangezificha, zikiachwa zining'inie wazi na kuwa sehemu ya uzuri wake. Hakuna thurea nyingine ya karne hiyo iliyoeleza kwa unyofu zaidi namna umeme unavyoifikia globu.

Sifa hazikuchelewa: tuzo ya Compasso d'Oro, iliyoanzishwa mwaka 1954 kuenzi usanifu bora wa bidhaa za Italia, ilimfikia Sarfatti mwaka huohuo na tena mwaka 1955. Mwaka 1966 ilifuata taa ndogo ya mezani namba 600, ambayo kitako chake ni mfuko wa ngozi uliojazwa vipande vya risasi, hivyo huinamishwa upande wowote bila kuanguka, na mwaka 1971 namba 607, iliyoleta globu ya halojeni kwenye meza ya kazi. Kazi kuu ya mwisho ilikuwa mwanga wa ukumbi wa Teatro Regio ya Torino, jengo la msanifu majengo Carlo Mollino lililofunguliwa mwaka 1973.

Katika kipindi hichohicho, hali ya biashara ikiwa imebadilika, Arteluce ilipita mikononi mwa kampuni ya Flos, na mwasisi akastaafu kando ya Ziwa Como, ambako alijishughulisha na stempu hadi alipofariki mwaka 1985. Miaka iliyofuata makabidhiano hayo ilileta taa za wasanifu King na Miranda, ikiwemo Jill; maonyesho ya kazi za Sarfatti katika Triennale ya Milano mwaka 2012; na mwaka 2013 toleo jipya la baadhi ya taa za Sarfatti, zikiwa zimewekewa mwanga wa LED. Thurea namba 2097 huuzwa na Flos, ikiwemo kwa globu 30 na 50.