Mkia wa Ng'ombe na Moto wa Miwati

Wapo wanaosema kwamba supu ya mkia tuliletewa na wazungu, na kwamba kabla ya hoteli za Makambako kuiandika ubaoni sisi hatukuijua. Nasita kukubali. Neno supu ni la kigeni, sawa. Lakini mkia wenyewe kuchemka katika chungu tangu adhuhuri hadi magharibi, jambo hilo lina historia yake huku kwetu kwenye milima ya Livingstone na ufuko wa Ziwa Nyasa, wala si historia ya anasa.

Msomaji asiyefika Lupingu ajue kwanza kwamba tuko kando kabisa ya ziwa, migongo yetu imeegemea mlima. Ufuko ni mwembamba na malisho ni haba. Chakula ni muhogo na samaki: dagaa siku za kawaida, mbasa siku ya bahati. Ng'ombe ni wa harusi na msiba, na mara nyingi hushushwa kutoka juu, upande wa Ludewa.

Na ng'ombe hao waliwahi kuadimika mno. Kwanza katika karne ya 19 Wangoni walipita wakiteka mifugo. Kisha katika miaka ya 1890 sotoka ikaingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini, na mahali pengi inakadiriwa kwamba iliua ng'ombe tisa katika kila kumi. (Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani mwaka 2011, sikusikia mtu akipiga vigelegele, ingawa ulistahili.) Kabla majeraha hayajapona vikaja Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Wapangwa walikuwamo, na Wajerumani walilipiza kwa kuchoma mazao na maghala, hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hebu tujiulize: katika nchi iliyopita hayo yote, ng'ombe akichinjwa, nani angethubutu kutupa mkia?

Bibi yangu alizaliwa zama za Mjerumani. Nyumbani kwake wazee waligawana ini na kidari, nywele za ncha ya mkia zikakatwa kufanyiwa usinga, na pingili zilizobaki zikaenda jikoni kwa akina mama. Hakuna aliyezigombania, kwa kuwa ni mfupa na mishipa mitupu. Ajabu ni kwamba huko Roma nako mambo yalikwenda hivyo hivyo: wachinjaji wa machinjio ya Testaccio, yaliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19, walipata mkia na viungo vingine visivyotakiwa na wenye fedha, na mkia huo uliopikwa taratibu kwa nyanya leo ni fahari ya mji ule. Wanyonge wa nchi mbili walifika mahali pamoja bila kuandikiana barua.

Bibi hakuwahi kuupiga mkia shoka. Alitafuta kiungo kwa kidole, akapitisha kisu, pingili ikaachia yenyewe. Shoka, alisema, huacha vipande vya mfupa vya kumkaba mtoto. Alizibabua kidogo motoni, akaziosha, akazitia katika chungu cha Wakisi na maji baridi. Vyungu hivyo vililetwa na akina mama wafinyanzi kutoka kaskazini ya ziwa, na sijaona sufuria inayotunza joto namna ile. Povu lilipopanda alilienguа. Chumvi na kitunguu vilifuata, na nyanya ilingoja mwisho. Baada ya hapo ni kungoja tu, maji yakitikisika bila kutokota. Wataalamu hutueleza kwamba mishipa ile ni protini iitwayo kolajeni, nayo huyeyuka polepole ikawa jelatini, kazi ya saa tatu au nne. Bibi hakulijua neno hilo. Alijua kwamba mchuzi ukigandamana asubuhi kama uji uliopoa, umeiva.

Kungoja kunataka kuni. Huko juu Njombe, shirika la maendeleo la makoloni la Waingereza lilianzisha mwaka 1949 mashamba ya miwati, mti wa asili ya Australia, kwa ajili ya magamba yake yanayotoa dawa ya kutengenezea ngozi. Magamba yakishabanduliwa, gogo huwa kuni na mkaa mkali wenye kudumu. Hivyo gamba la mti huifanya ngozi ya ng'ombe isioze, na kuni za mti uleule hulainisha mkia wake. Mama, aliyeolewa huko juu, hakutaka mkaa mwingine.

Jambo moja lanisumbua. Nyama ile laini haikuwa ya wenye meno. Ilikuwa ya babu asiye na magego, ya mtoto aliyeachishwa ziwa na ya mzazi aliyejifungua, ambaye mchuzi wa kwanza ulikuwa wake. Ndio maana mtu alikubali kukesha na chungu. Siku hizi mkia umepanda cheo, unaliwa na vijana asubuhi pamoja na chapati, na wazee wetu wanabaki na uji.

Juzi nilikwenda buchani Makambako kumtafutia shangazi, ambaye meno yamekwisha. "Mkia umeshachukuliwa, mzee," kijana akaniambia. "Wa kesho na kesho kutwa pia, ni wa hoteli." Nikanunua makongoro.