Manjano, Kano na Nguvu ya Maandishi

Jamani, kuna hadithi ya manjano ambayo kila mwandishi wa habari za afya angefaa aijue kabla hajaandika kwamba mmea fulani "unatibu". Nimekuwa nikiifuatilia kwa muda, leo tuipitie pamoja.

Tuanze na kano. Kano ndiyo inayounganisha msuli na mfupa, kama ile nene ya nyuma ya kisigino. Ukiikaza ghafla huuma na kuvimba. Ukiichosha miezi na miaka, nyuzi zake huchakaa. Nchini India watu wamezoea kwa vizazi vingi kuchanganya manjano na chokaa, kisha kuyabandika kwenye kifundo cha mguu kilichoteguka. Kiungo hicho kilivuka Bahari ya Hindi kikafika kwetu. Pwani kimeingia kwenye mchuzi na kwenye singo ya bibi harusi, na neno moja tunalitumia kwa kiungo na kwa rangi.

Wazungu nao wakaja na chupa zao za maabara. Mwaka 1815, Vogel na Pelletier walitenga kile kinachoyapa manjano rangi yake, kikaitwa kurkumini. Muundo wake wa kikemia ulijulikana mwaka 1910. Mpaka hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi ulianza Machi 1995. Ofisi ya hataza ya Marekani (hataza ni haki ya kumiliki uvumbuzi) ilikipa kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi hataza namba 5,401,504, ya kutumia manjano kuponya vidonda. Eti uvumbuzi mpya! Fikiria bibi wa Kihindi anayempaka mjukuu wake manjano kwenye kidonda aambiwe kwamba jambo hilo limegunduliwa Marekani.

Baraza la utafiti wa sayansi la India, CSIR, chini ya Raghunath Mashelkar, likapinga. Sasa sikiliza hapa. Kusema "kila mtu kwetu anajua" kusingetosha. Sheria ya Marekani ya wakati ule haikuhesabu mazoea ya watu wa nchi nyingine kama hayakuwa yameandikwa. Ilibidi yapelekwe maandishi: vitabu vya kale vya Kisanskriti, na makala ya mwaka 1953 kutoka jarida la chama cha madaktari wa India. Agosti 1997 hataza ikafutwa. Mwaka 2001 India ikaanza kujenga maktaba ya kidijitali ya tiba zake za jadi, ili wakaguzi wa hataza wasiseme tena kwamba hawakujua.

Ushindi mzuri, lakini tusichanganye mambo. Kesi ile ilithibitisha kwamba maarifa hayo ni ya zamani. Haikuthibitisha kwamba manjano yanaponya, sembuse kano.

Kuhusu kano, kazi ya maabara ilikuja baadaye. Mwaka 2011 watafiti wa Munich walichukua seli za kano za binadamu, wakazichokoza ziwe kama zina uvimbe, kisha wakazitia kurkumini. Uvimbe ukatulia, na vimeng'enya vinavyokula nyuzi vikapungua. Inatia moyo, ila ilikuwa ndani ya kisahani cha maabara, si ndani ya mguu wa mtu. Kurkumini ikimezwa, mwili huifyonza kwa shida sana. Ndiyo maana mwaka 1998 watafiti wa Bangalore waliichanganya na piperini ya pilipili manga, na kiasi kilichofika kwenye damu kikaongezeka kwa asilimia 2000. Hata hivyo mwaka 2017 wanakemia wa Marekani walipitia utafiti mwingi wa kurkumini wakaandika kwamba hawakuona jaribio hata moja lililofanikiwa kati ya yale yaliyofanywa kwa ukali, yaani mgonjwa na daktari wote hawajui nani kapewa dawa halisi.

Kuna jingine. Tangu miaka ya 1970 madaktari waliochunguza kano zilizouma kwa muda mrefu wamekuwa wakikuta nyuzi zilizochakaa, huku dalili za uvimbe zikiwa chache. Basi hata dawa nzuri ya uvimbe inaweza isijenge upya kilichochakaa. Mwaka 1998 huko Sweden, Alfredson na wenzake waliwapa wakimbiaji 15 wenye kano mbovu za kisigino mazoezi mazito ya kushusha kisigino kwa wiki 12, na wote wakarudi kukimbia.

Kwa hiyo ninaposoma kichwa cha habari kama "Manjano yaponya kano", huuliza maswali mawili: Nani aliyejua kwanza? Na je, yanafanya kazi? La kwanza hujibiwa na maandishi, la pili na majaribio kwa watu.

Kwetu hata lile la kwanza linanitia wasiwasi. Wazee wetu wa Pemba, Lamu na Tanga wanajua majani gani ya kubandika mguu ukiteguka. Mangapi kati ya hayo yameandikwa, tena kwa lugha yetu? India ilikuwa na vitabu vya kupeleka mezani. Sisi tutapeleka nini? Nyie mnasemaje?