Kuanza kazi ya uanahabari: usingoje cheti, anza na mtaa wako

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, wazazi hunipigia simu. "Kaka, mwanangu ana sauti nzuri, afanyeje awe mtangazaji?" Nami humrudishia swali: je, ana tabia ya kuuliza? Sauti ni pambo tu. Kazi hii ni ya miguu na masikio kabla haijawa ya mdomo. Kwa manufaa ya wote, leo nazieleza hatua zenyewe.

Masomo

Anayetaka shahada anahitaji alama ya C+ katika KCSE. Kwa diploma, vyuo vingi huchukua kuanzia C-. Chuo cha serikali cha KIMC kiko Nairobi, lakini si lazima kijana aondoke Pwani ili asome. Muhimu ni kuuliza mambo matatu kabla ya kulipa karo: Je, chuo kimeidhinishwa? Je, kina studio inayofanya kazi? Je, kinawasaidia wanafunzi kupata nafasi ya mafunzo kazini? Usione haya kuomba kuiona studio kwa macho yako.

Anza kuandika sasa

Usingoje kuhitimu. Habari ziko diko la samaki, sokoni, zahanatini na mahakamani. Katiba, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti kufanya kazi yake kwa uwazi na kuruhusu umma kuhudhuria vikao vyake. Nenda ukakae nyuma na daftari lako.

Jiwekee kazi ya habari moja kila wiki, maneno 300: nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Baada ya miezi mitatu utakuwa na habari kama 12. Chagua tatu zilizo bora, umpelekee mhariri wa redio, gazeti au tovuti ya hapa Pwani. Mhariri aliyechoka hasomi barua ndefu ya kujisifu, ila habari nzuri ataisoma.

Ukikwama kwa kunyimwa taarifa ofisini, kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Kila raia anaweza kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, ni ndani ya saa 48. Wakikaa kimya, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Hakikisha kabla hujatangaza

Hapa nitajisema mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kituoni, nikiwa mwanagenzi, mtu alinipigia simu kwamba mashua imezama na wavuvi watatu wamefariki. Niliyasoma majina yote matatu hewani bila kumuuliza mtu wa pili. Mmoja wao hakuwa ameingia baharini kabisa siku ile. Mamake alilisikia jina la mwanawe redioni, akaanguka. Jioni nilikwenda kuomba radhi. Mama wa watu alinipa maji ya kunywa, hakuninenea kitu. Suratul Hujurat imetuamuru tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na aya hiyo nilikuwa nimeihifadhi tangu madrasa.

Toka siku hiyo jina la marehemu silitangazi mpaka nilithibitishe kwa jamaa zake. Nawe jiwekee kanuni kama hiyo mapema, kwa sababu siku hizi uvumi wa WhatsApp hufika kabla yako, na mhariri atakuhimiza ukimbie.

Kitambulisho na malipo

Baraza la Vyombo vya Habari Kenya (MCK) ndilo linalowasajili wanahabari. Kitambulisho chake hulipiwa na huhuishwa kila mwaka, na wanafunzi wana kundi lao. Zisome kanuni zake za maadili hata kabla ya kukipata.

Na wazazi waelezwe ukweli: mwanzo ni mgumu. Mwandishi wa kujitegemea mara nyingi hulipwa kwa habari iliyotumika, na nauli ya kuifuata hutoka mfukoni mwake. Hapo ndipo bahasha ya mwanasiasa huingia, ikiitwa "ya chai." Ukiipokea mara moja, hutaweza tena kumuuliza kuhusu shamba la umma lililozungushiwa ua. Afadhali uwe na kazi nyingine ya kukuwekea mkate mezani, hata ikiwa ni kupiga picha za harusi, mpaka kalamu ianze kukulipa.

Kwa nini tujisumbue?

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932. Hakungoja mtu wa mbali aje kuyaandika mambo ya watu wake. Leo tunalalamika barazani kwamba ardhi yetu, wavuvi wetu na vijana wetu waliopotea huandikwa na mgeni wa siku moja, anayekosea hata majina ya mitaa. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini dawa yake ni kijana wa Kisauni, Msambweni au Faza mwenye daftari.

Basi kijana, wiki hii chagua jambo moja mtaani kwako: bomba lililokauka, au taa zisizowaka. Waulize watu watatu, kisha umuulize mwenye jukumu. Andika maneno 300. Hiyo ndiyo siku yako ya kwanza kazini.