Shule ya Mazimbu na Vijana Waliokataa Shule

Mji wa Morogoro, ulioegemea milima ya Uluguru, umezoea kuwaona wanafunzi wa bweni. Mzumbe ni shule ya wavulana, Kilakala ya wasichana, na misheni nazo zina shule zao. Lakini shule nyingine humpokea mtoto aliyetolewa nyumbani na wazazi wake, na likizo ifikapo humrudisha kwao. Mazimbu, nje kidogo ya mji, palikuwa na shule iliyopokea vijana wasio na pa kurudi. Tena vijana ambao sifa yao kubwa ilikuwa kwamba walikwisha ikataa shule.

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, katika Afrika ya Kusini, waliandamana kupinga kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana. Polisi wakawapiga risasi. Katika miezi iliyofuata vijana kwa maelfu walivuka mipaka, wengi wao wakiwa wavulana ambao hawajamaliza masomo, wakaangukia mikononi mwa chama cha African National Congress, yaani ANC, kilichokuwa uhamishoni. Chama hicho hakikuwa kigeni Morogoro, kwani mwaka 1969 kilifanya hapo mkutano wake mkuu. Basi mwaka 1977 serikali ya Tanzania ilikipa shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, na Anna Abdallah, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa, alilisaidia sana jambo hilo. Masomo yalianza mwaka 1978 katika majengo machakavu ya shamba. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Aprili, kijana Solomon Mahlangu alinyongwa Pretoria, naye ana umri wa miaka 22. Shule ikachukua jina lake.

Wengi wa vijana hao hawakutoka kwao wakitafuta kitabu. Walitaka bunduki, na kila mwenzao aliyekwenda kambini Angola aliwafanya waliobaki darasani wajione kama watoto. Hapana budi kulitambua jambo hili kabla ya kuwahukumu walimu wa Mazimbu. Mwalimu wa kwingineko huanza na utii ambao mtoto amefunzwa nyumbani. Wa Mazimbu alisimama mbele ya kijana aliyepewa heshima na dunia nzima kwa sababu ya kutotii. Atamwambiaje leo kwamba kengele ikilia yampasa kuingia darasani?

Njia iliyo rahisi ilikuwa fimbo, nayo ilikatazwa. Wakuu wa shule waliona ya kuwa mtoto aliyekimbia kiboko cha Kaburu hawezi kukombolewa kwa kiboko cha Mwafrika mwenziwe. Huo ulikuwa uamuzi wa heshima, na uliwagharimu. Ulevi ulikuwapo, utoro ulikuwapo, na kesi za nidhamu ziliwachukulia wakubwa muda mwingi kuliko walivyopenda. Hata hivyo hawakuurudia mjeledi kuwa desturi ya shule, na kwa hilo wanastahili sifa zaidi kuliko kwa majengo yao mazuri.

Jambo la pili lilikuwa jembe. Tanzania tangu mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, ilizitaka shule zote ziwe na shamba. Mazimbu nayo ililima, ikafuga ng'ombe, nguruwe na kuku, ikawa na karakana ya fanicha iliyopewa jina la Vuyisile Mini. Kwa macho ya mwenyeji hapakuwa na neno jema kuliko hilo. Lakini sheria ya elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 ilijengwa juu ya fikra kwamba Mwafrika asifunzwe zaidi ya kazi ya mikono. Kijana aliyeikimbia sheria hiyo, akitiwa jembe mkononi uhamishoni, alishuku kwamba amerudishwa pale pale. Ndiyo maana shauri la kuifanya Mazimbu chuo cha ufundi halikuwapendeza wengi. Walitaka hesabu, sayansi na Kiingereza, na cheti kitakachowafungulia vyuo vya ng'ambo. Wanafunzi hawakuwa wavivu tu, kama wengine walivyosema. Kazi ile ile iliyokuwa uhuru kwa Mtanzania ilibeba kwao kumbukumbu nyingine, na hapakuwa na mtaala wa kuifuta.

Darasani kulikuwa na masomo mawili yasiyopatikana kwao: historia ya mapambano, na maendeleo ya jamii za wanadamu. Walimu walitoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe na katika nchi nyingi, pamoja na Ujerumani ya Mashariki. Lakini huenda kilichowalea zaidi ni mji wenyewe uliojengwa kuwazunguka. Hospitali ilijengwa kwa msaada wa watu wa Uholanzi. Wasichana walipopata watoto, kilianzishwa kituo cha kulelea watoto kilichoitwa kwa jina la Charlotte Maxeke, ili mama arudi darasani. Katika miaka ile shule nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa zikimfukuza msichana wa namna hiyo bila kuuliza neno. Mwaka 1982 ardhi nyingine ilitolewa Dakawa, kaskazini ya Morogoro, ambako pia wageni walipokewa na kutayarishwa.

Mwezi wa Februari 1990 ANC iliruhusiwa tena kwao, na mwaka 1992 Mazimbu ikakabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, nayo inaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu. Wanafunzi wa Kitanzania hulala katika mabweni yale, na si mbali nao yako makaburi ya wakimbizi waliofia Mazimbu kabla ya siku ya kurudi.